Parachichi Nililomlisha Skola

Jumatatu, 3 Machi

Kreti kumi na moja za parachichi kabla ya saa nne. Mgongo unauma. Gari la wanunuzi limechelewa tena, na dereva wao ananiamkia huku anaangalia simu. Nimemwambia shikamoo si mzigo wa kutua chini na kuondoka, mtu hutazamwa usoni. Wamekataa kreti mbili, eti madoa. Madoa gani? Wanadhani mzee hana macho.

Yaliyokataliwa tunakula wenyewe. Skola kala moja zima asubuhi na uji wa dona, nusu kaenda nayo shuleni. Mjukuu wangu huyu ana miaka kumi na moja, na tangu aje kwangu hajagusa nguruwe, yai wala maziwa. Daktari alisema damu yake imejaa lehemu, yaani kolesteroli, aache mafuta ya wanyama. Mimi nikiambiwa jambo nafanya. Parachichi, alizeti, karanga, ufuta. Mafuta ya shambani, safi. Si ya kikaango cha mama yake.

Ila vinundu vya viwiko havipungui. Vya njano, kama punje za mahindi zilizoingia chini ya ngozi. Kuna kipya juu ya kisigino. Nimempaka mafuta ya parachichi.

Alhamisi, 6 Machi

Yustina amekuja. Mkwe wangu, mama wa Skola. Anakaanga kitimoto Makambako, jirani na stendi, na harufu inamfuata hata akivaa kitenge cha sanduku. Kaleta trei ya mayai. Nimemrudishia. Nimemwambia, "Mmoja hajakutosha?" Kaondoka bila kunywa hata maji.

Najua nilichosema. Anjela, mkubwa wao, alianguka uwanja wa shule mwaka juzi. Miaka kumi na minne. Hakuamka. Alikuwa na vinundu hivihivi, na hospitali wakasema lehemu. Siku ya mazishi nilisimama uani kwangu mbele ya jumuiya nzima nikasema mafuta ya nguruwe ya mama yake ndiyo yamemuua. Matanga yalipoisha nikamchukua Skola. Fidelis, mwanangu, baba yao, alinyamaza. Yeye ni wa kunyamaza. Akarudi Mafinga kwenye mbao zake.

Sijutii. Mtoto yuko hai.

Jumanne, 11 Machi

Skola kasimama mara mbili kwenye mwinuko wa kisimani. Mkono kifuani. Nimemkaripia, nikasema watoto wa siku hizi miguu yao ni ya kukalia viti. Kasema, "Bibi, ni kama mtu kanikalia hapa." Nikamtazama vizuri. Midomo haikuwa na rangi.

Ndoo nimebeba mimi.

Alhamisi, 20 Machi

Njombe, hospitali. Daktari mpya, binti mdogo, nywele kazinyoa kama mwanafunzi. Kamshika Skola viwiko, visigino, kamtazama macho na taa. Kisha akauliza mtoto anakula nini. Nimemweleza yote, tena kwa raha, maana si kila bibi anafuata masharti kama mimi. Katikati ya maneno yangu kaacha kuandika.

"Parachichi ngapi kwa siku, Bibi?"

Mawili. Jumapili matatu.

Kauliza kama vidonge vya lehemu alivyopewa na daktari wa kwanza vilimsaidia. Havikusaidia. Kamtoa damu, kasema itapelekwa nje ya nchi, hapa kipimo chake hakipo. Na mpaka majibu yarudi mtoto aache parachichi. Aache alizeti, karanga, ufuta. Dona pia, ale sembe.

Nimemuuliza umri wake. Nikamwambia mwenzako alikataza mafuta ya wanyama, wewe unakataza ya mimea, basi tumpikie mawe. Skola akacheka. Daktari naye kacheka kidogo, halafu karudia yaleyale, polepole, kama anamfundisha mtoto wa chekechea. Sikupenda.

Jumapili, 23 Machi

Nimewaza sana. Njombe nzima inaishi kwa tunda hili. Wazungu wanalisubiri lifike kwa meli. Halafu limdhuru mjukuu wangu peke yake? Yule binti kasoma vitabu, hajalea. Mtoto amekonda, nikimnyima na hili atabaki mifupa.

Nimekata nusu. Nusu haiui mtu.

Jumatano, 2 Aprili

Nusu asubuhi. Na kijiko cha alizeti kwenye mboga, mboga haipikwi kwa maji. Skola kauliza, "Daktari hakukataza?" Nimemwambia ale.

Jumapili, 20 Aprili. Pasaka

Kaanguka. Ngazi za kanisani, misa imetoka, watu bado wanapeana mikono. Alikuwa mbele yangu na gauni jeupe. Hakupiga kelele. Alikaa chini kama mtu anayefunga kiatu, kisha akalala.

Katekista katuleta Njombe na gari lake. Njia nzima nilimshika kichwa. Sikuweza kusali. Maneno ya Salamu Maria yalinipotea, mimi niliyeyafundisha watoto wa parokia miaka ishirini.

Anapumua.

Jumanne, 22 Aprili

Wodini. Wamempima moyo kwa mashine. Mishipa inayolisha moyo imeziba nusu, kama bomba la zamani. Mtoto wa miaka kumi na moja.

Yustina yupo. Kafunga biashara yake. Katandika kanga upande ule wa kitanda, mimi upande huu. Tunapeana beseni.

Daktari kapita asubuhi. Kauliza mbele yetu wote kama mtoto aliacha parachichi. Skola ndiye aliyejibu, kwa sauti yake ile ndogo: "Bibi alinikataza."

Kanidanganyia. Mtoto mgonjwa kanikingia kifua. Na mimi nikatazama dirisha.

Ijumaa, 2 Mei

Majibu yamerudi.

Daktari kanikalisha na Yustina, kachora utumbo kwenye karatasi. Nitaandika nilivyoelewa, nisije nikasahau au nikajipindishia. Ukuta wa utumbo umejengwa kwa chembe hai ndogondogo, kila moja ina ngozi yake nyembamba. Kwenye ngozi hiyo kuna protini mbili zimeshikana. Moja peke yake haifanyi kazi. Kazi yao ni kubeba mafuta. Kwenye mimea kuna aina ya mafuta inayofanana na lehemu, mwili wa mtu hauihitaji. Ikijipenyeza ndani, zile mbili zinaisukuma nje, inatoka chooni. Kwenye ini zipo pia, zinaimwagia kwenye nyongo. Kwa Skola zimezaliwa mbovu. Hazisukumi. Kila alichokula kimebaki kwenye damu, kimekwenda kwenye viwiko, kwenye kano za visigino, kwenye mishipa ya moyo. Vipimo vyetu vya hapa havitenganishi, vyote vinaandika lehemu. Ndiyo maana yule daktari wa kwanza alikosea.

Hili nimelielewa kuliko misa ya Kilatini. Bandani tunachambua parachichi wawili wawili. Bovu likipita, mwenzako analishika mnalirudisha. Siku wachambuaji wasipokuja, mabovu yanajaa na gari linaondoka nayo. Kwa mjukuu wangu hawakuja tangu siku ya kwanza. Na mimi ndiye niliyekuwa naleta kreti juu ya kreti.

Parachichi ndilo la mbele kabisa katika yaliyokatazwa.

Ubovu huu nusu unatoka kwa baba, nusu kwa mama, wao wenyewe hawaumwi. Fidelis kaupata kwangu au kwa marehemu mume wangu. Na nilivyokuwa nikijisifu kwamba ukoo wetu hauna ugonjwa.

Yustina kauliza swali moja tu. "Na Anjela?" Daktari kasema hawezi kumpima aliyezikwa, lakini kwa vinundu vile, hana shaka.

Anjela alikuwa anakuja kwangu likizo zote. Alikuwa anakula manne kwa siku. Nilikuwa namhesabia kwa furaha.

Yustina alipotoka kumtazama mtoto nilibaki. Nimemwambia daktari kwamba Skola alisema uongo kwa ajili yangu. Nusu kila asubuhi, na alizeti. Kaweka kalamu chini. Kasema asante kwa kuniambia, Bibi. Afadhali angenitukana. Akaongeza kwamba nilifuata nilichoambiwa mwanzoni. Nimemwambia asinifariji. Mwanzoni, ndiyo. Baada ya tarehe ishirini Machi sikuwa nafuata neno la mtu ila la kichwa changu.

Jumatatu, 5 Mei

Wametutoa hospitali. Fidelis kaleta dawa kutoka Dar es Salaam, vidonge vidogo vya kuzuia mafuta yasipite utumboni. Kila siku, maisha yote. Skola kapanda gari na mama yake kwenda Makambako. Hakuna aliyeniuliza. Nilikuwa nimeshakunja nguo zake kwenye mfuko wangu, nimezitoa mlangoni mwa gari.

Kanipungia mkono mpaka kona.

Alhamisi, 8 Mei

Nimekwenda Makambako. Nimemkuta Yustina anakata nyama, wateja wawili wamekaa. Nimesema kamwene, kaitika. Kanipa kigoda. Skola alikuwa amelala ndani, nimeruhusiwa kumchungulia.

Nimemweleza Yustina yote, na ile nusu. Hakuacha kukata. Nilisubiri apige kelele, nilishajiandaa kwa kelele, kelele naziweza. Hakupiga. Alipomaliza alifuta kisu.

"Mama, mimi nimekaa miaka miwili nikiamini nimemuua mwanangu. Wewe uliniambia. Nilikuwa naamka naosha kikaango hiki nalia, halafu nakiweka jikoni, maana hakuna kingine cha kutulisha."

Nikasema nisamehe.

"Hapa tuko wawili. Lile ulilisema uani kwako mbele ya jumuiya. Lirudishe palepale."

Nikamuuliza atakuja kusikia? Kasema hapana. Ataambiwa. Yale ya kwanza nayo aliambiwa na wengi, kila siku, sokoni.

Mteja mmoja akasema, "Dada, na sisi utatupa pilipili leo au kesho?" Akampa pilipili.

Jumatatu, 12 Mei

Silisemi mbele ya jumuiya. Mimi nina miaka sabini na mbili. Niliwahi kuwa mwenyekiti wa jumuiya hii, nimezika watu, nimepatanisha ndoa za watu. Nisimame mbele ya wanawake niliowakaripia kwa kuchelewa rozari? Watacheka. Mama Bonifasi wa jirani atacheka mpaka mwaka ujao.

Nimegombana na kuku leo.

Jumatano, 14 Mei

Nimekwenda kwenye kaburi la Anjela kung'oa nyasi. Nilitaka kumwambia. Nikajikuta naongea Kibena, mambo ya mvua, mambo ya bei ya mbolea. Lile lenyewe halikutoka. Mtu asiyeweza kulisema kwa marehemu atalisemaje kwa walio hai. Nimeng'oa mpaka mikono ikachubuka.

Jumamosi, 17 Mei

Jumuiya imesali kwangu leo. Ilikuwa zamu yangu, sikuikimbia. Watu kumi na tisa, uani. Rozari, somo, matangazo. Mwenyekiti akauliza mwenye neno.

Nimesimama. Nimesema, "Mwaka juzi nilisimama hapa nikasema Yustina kamuua Anjela kwa mafuta ya nguruwe. Si kweli. Ni ugonjwa wa kuzaliwa, wa kwetu pande zote mbili, na chakula kilichouchochea ni changu. Skola naye nimemlisha mimi, hata baada ya kukatazwa. Naomba mlibebe hili mpaka sokoni kama mlivyolibeba lile."

Kuku wakasikika. Nilidhani Mama Bonifasi atacheka. Alikuwa analia, mdomo kaufunika na kanga. Kumbe naye ndiye aliyelibeba zaidi.

Walipoondoka kila mmoja kanishika mkono. Nimekaa palepale mpaka baridi ikanitoa.

Ijumaa, 13 Juni

Karibu mwezi tangu nisimame uani. Nachuma, nauza. Mti hauna kosa, wenyewe ulizaa tu. Ila mdomoni siweki tena. Nimejaribu jana, nikatema.

Nyumba ni kubwa mno kwa mtu mmoja. Sikuwahi kuliona hilo.

Fidelis kanipigia. Kasema Yustina kaambiwa na watu wanne tofauti. Nimemuuliza na wewe je, mwanangu, huna neno na mama yako? Kasema, "Mama, kula vizuri." Simu ikakatika. Nimelia kama mjinga.

Jumapili, 6 Julai

Baridi ya kuuma. Nyasi nyeupe kwa barafu mpaka saa tatu.

Wamekuja, Yustina na Skola, bila taarifa. Vinundu vya viwiko vimelainika, vimekuwa vidogo. Vya visigino bado. Moyo, daktari kasema hautakuwa mpya. Hatakimbia na wenzake. Baadaye huenda wakamfungua kifua, huenda isihitajike. Skola mwenyewe ndiye aliyenieleza, mkononi ana karatasi ya vyakula, anaisoma kama kiongozi wa kwaya. Kapasoma mahali pa parachichi bila kunitazama.

Niliinuka kwenda jikoni nikasimama mlangoni. Sikujua nimpikie nini. Miaka hamsini napika, mikono ikaogopa. Yustina kanipita, kachukua sufuria yangu, kachukua viazi, kawasha moto. Mwaka mmoja nyuma ningemtoa kwa ufagio. Nikaenda kukaa na mtoto. Kanilalia begani. Nimesikiliza pumzi yake.

Yustina kapakua, kanitangulizia mimi. Viazi vilikuwa vigumu katikati.

Nimekula vyote. Sikusema kitu.