Wimbo wa Shukrani

Kariakoo, Aprili 1955

Mama mpendwa, shikamoo.

Mvua zimejaza maji bonde la Jangwani, ila kwetu paa halivuji.

Tulipomzika mtoto wetu, Onesphory alinikataza kuimba kwaya. "Unamsifu Mungu kwa lipi?" aliniuliza. "Ukiimba tena, usirudi kwangu."

Jumapili nilishindwa kukaa kimya, nikaenda kanisani. Katikati ya wimbo wa shukrani mume wangu Onesphory akaingia, macho mekundu, akaja moja kwa moja nilipokuwa nimesimama. Wanakwaya wakanyamaza kwa hofu. Nilijua ataniaibisha mbele ya watu.

Akanishika mkono.

"Anzeni tena," akasema. "Mwanzo nimeukosa."

Tukaanza upya, Mama. Aliimba huku analia, kwa sauti kubwa kutushinda wote.

Mwanao anayekukumbuka,
Euphrasia