Mtani Kaingia Kaburini

Jumanne, 14 Aprili

Leo nimempasha Mwenyekiti wa mtaa mbele ya watu mpaka akakosa pa kuuweka uso. Nimemwambia kiwanja cha zahanati si shamba la ukoo wake.

Uongo. Alikuwa ndani ya gari la yule mwekezaji wa malori, vioo vimepandishwa, anakula kiyoyozi. Nimekiambia kioo. Aliyesikia ni mie na kuku wa jirani. Kuku naye kaondoka kabla sijamaliza.

Lakini maneno nilikuwa nayo. Ya moto kabisa.

Chai ya rangi, muhogo wa jana. Mguu wa mke wangu, Bi Tatu, umevimba tena. Nimemfunga kitambaa safi, kanitukana kidogo. Kwa hiyo hajambo.

Alhamisi, 16 Aprili

Mvua tangu alfajiri. Masika ikikolea mtaa wetu unakuwa nchi ya kisiwa: bonde huku, bonde kule, katikati sie, na kivuko cha mbao kinachoyumba kama mlevi wa pombe ya mnazi. Nimejitangaza rais. Bi Tatu kasema Mheshimiwa Rais akateke maji.

Leo ilikuwa siku ya kusafishwa kidonda chake kule ng'ambo. Sukari hiyo, kidonda hakisikii dawa mpaka kisafishwe na mtu anayejua. Tumempandisha kwenye mkokoteni wa muuza maji. Majirani wawili wamesukuma, mie nimeshika mwavuli na kutoa amri. Kufika bondeni gurudumu likazama. Maji yakapanda mpaka kwenye kitambaa. Hakulia, hakunitukana. Mke wangu akinyamaza ndipo ninapoogopa.

Tumerudi bila kufika.

Basi niseme ukweli, humu hanisomi mtu. Mie si mpenda maendeleo. Kile kiwanja nakitaka kwa sababu ya mguu mmoja wa mwanamke mmoja. Zahanati ikijengwa pale, Bi Tatu atakwenda kwa fimbo, havuki tone la maji. Msingi tumeshaujenga wenyewe. Kila nyumba ilitoa mchanga na jasho. Mie nilitoa ushauri.

Ijumaa, 17 Aprili

Nimekuta vigingi vyekundu kiwanjani. Kijana wa kupima kanipa shikamoo safi, kisha kasema hapa panakuwa yadi ya malori. Mtoto ana adabu, habari yake ndiyo haina.

Nimefua shuka mbili nikaenda kuzianika. Nimefunga kamba kigingi hadi kigingi. Vinashika vizuri sana, serikali ijue.

Mwenyekiti Maganga akaja mbio. Huyu ni Mnyamwezi wa Tabora, mie Mzaramo wa hapahapa, kwa hiyo ni mtani wangu, hawezi kunifanya kitu. Kazitazama shuka, kasonya. Kisha kanieleza kwa upole. Zahanati tumeingoja miaka, fungu halijaja. Malori yatawapa vijana kazi. Mwekezaji ameahidi kivuko cha zege.

Maneno yana akili. Hilo ndilo linaloniudhi.

Nikamuuliza mbona haitishi mkutano wa mtaa watu waseme wenyewe. Kasema utaitishwa. Lini? Utaitishwa. Neno hilo nimelisikia tangu nina meno yote.

Jumapili, 19 Aprili

Mama Neema kapita akitoka kanisani. Ni mwalimu, mtu wa Mbeya, katibu wa kamati ya zahanati. Amekwenda ofisi ya mtaa mara kwa mara, mlango umefungwa. Anataka kupanda wilayani. Nimemwambia apande. Mie sina nauli ya kupanda popote, nitabaki chini nikitukana.

Jioni nimekwenda kumjulia hali Bibi Nyamizi, mama yake Mwenyekiti. Amelala, amekwisha, lakini mdomo mzima. Kaniona tu kasema, "Mtumwa wangu, hujafa?" Nikamwambia nangoja nimzike kwanza yeye, babu zake walikuja pwani na meno ya tembo kichwani wakasahau njia ya kurudi, aibu hiyo lazima mtu aifukie. Kacheka mpaka akakohoa. Wajukuu wakanitazama vibaya.

Kisha kauliza mguu wa Bi Tatu unaendeleaje. Kauliza kweli, si kwa adabu. Nikashindwa kumtania.

Sikumwambia habari ya malori. Mgonjwa haongezewi mzigo.

Jumatano, 22 Aprili

Bibi Nyamizi amefariki usiku wa kuamkia leo.

Nimelia. Mtani halii msibani, mtani kazi yake kuchekesha. Kwa hiyo nimelilia chooni, nimenawa, nimetoka nacheka.

Msibani nimefanya yangu. Nimekalia kiti cha Mwenyekiti. Nimelala katikati ya mkeka wa wafiwa nikadai mie ndiye marehemu, niletewe wali. Ndiyo mila yetu na Wanyamwezi. Mtani msibani anafanya atakalo na hakasirikiwi. Akikuzuia njia, unamtoa kwa kumpa kitu. Akishapewa, kimekwenda, hakidaiwi tena.

Mama Neema kashangaa. Kasema kwao ningepigwa.

Mazishi kesho baada ya adhuhuri. Wanamngoja mjomba kutoka Tabora.

Mtaa mzima uko pale. Mtaa mzima. Mkutano haujawahi kupata watu hivi.

Sijapata usingizi. Nina wazo baya.

Alhamisi, 23 Aprili

Nimeingia kaburini.

Niandike taratibu. Tumefika makaburini, wanaume tupu, udongo umelowa. Wachimbaji wamemaliza, jeneza limetuliwa pembeni. Maalim anajiandaa. Mie nikasogea kama mtu anayechungulia, nikakaa ukingoni, nikateleza ndani kwa makalio. Nikasimama humo. Kichwa changu kilionekana nusu.

Nikasema, "Ndugu wananchi, eneo hili limeshapata mwekezaji. Marehemu avute subira, tutamtafutia eneo mbadala."

Kisha Mnyamwezi mmoja mzee akapasuka kicheko, wakafuata wenzake, ikawa makaburi yote yanacheka. Maalim hakucheka. Kaniamuru nitoke, maiti haicheleweshwi. Nikamwambia Maalim mie sicheleweshi, nangoja vibali.

Mwenyekiti akaja ukingoni. Akatoa noti, kama inavyofanywa. Nikaikataa. Watu wakaacha kucheka, maana mtani hakatai noti.

"Unataka nini, mtani?"

"Kiwanja."

"Kiwanja gani?"

"Unakijua. Kitaje mbele ya mama yako."

Nilimtazama kutoka chini. Haukuwa uso wa Mwenyekiti. Ulikuwa uso wa mtoto aliyefiwa. Nusura nitoke mwenyewe. Naandika hili ili nisije nikajisifu baadaye: nusura nitoke. Kisha nikaliona lile gurudumu bondeni na maji yanapanda kwenye kitambaa. Nikabaki.

Akafuta uso kwa kiganja. Kasema kwa sauti, wote wamesikia:

"Ni cha zahanati. Toka, mtani, nimlaze mama."

Nikataka kutoka kwa heshima. Nyonga ikagoma. Nimehangaika kama mende ndani ya bakuli. Aliyenipa mkono na kunivuta ni yeye mwenyewe.

Kisha kashuka yeye, kampokea mama yake.

Ijumaa, 24 Aprili

Nyonga inauma. Siwezi kuchuchumaa, mambo ya chooni nisiyaandike.

Bi Tatu hasemi na mie. Nilidhani atanisifu. Kasema mara moja tu, kwamba yule mwanamke alikuwa akimletea uji kila alipozidiwa, na mie nimemgeuza kituko. Nikamjibu kuwa Bibi Nyamizi angecheka. Kasema labda, lakini hakuulizwa.

Nina aibu. Sijuti. Vyote viwili viko, vinagombania kitanda.

Mama Neema kataka nimsimulie yote, maana wanawake hawakuwepo makaburini. Nimemsimulia mara ya pili na ya tatu. Ya tatu nilikuwa nimetoka kaburini kwa kuruka.

Jioni Mwenyekiti katuma mtu. Ujumbe: utani ni utani, umeishia makaburini, asije mtu akajidanganya. Vigingi viko palepale.

Nimejibu niko tayari kufa mara ya pili. Mjumbe hakuelewa. Hata mie.

Jumamosi, 25 Aprili

Hitima. Nimekwenda. Wengine walidhani nitaona haya. Haya ziliishaga nikiwa darasa la nne, siku niliyoacha shule kwa kuruka dirisha.

Nimekaa karibu na mjomba wa Mwenyekiti, yule wa Tabora. Mzee mfupi, kanzu kubwa kuliko yeye, haongei. Nimekula pilau. Baada ya dua nikamwambia Mwenyekiti, watu wakisikia, kwamba nimepata salamu zake, na nimekuja kurudisha nilichopewa. Nikakunjua viganja vitupu. Nikasema chukua.

Hakugusa. Kasema nisilete siasa kwenye hitima.

Mjomba akaweka kikombe chini. Kauliza nini kimetokea. Wakamweleza, maana alikuwa nyuma makaburini, hakusikia vizuri. Kafikiri. Nikadhani kalala. Kisha kasema neno moja na mpwa wake, bila kupandisha sauti:

"Alichopewa mtani kaburini hakirudi. Ukikichukua, umemnyang'anya mama yako, si huyu."

Mwenyekiti kainamisha kichwa. Nikaomba pilau nyingine.

Jumanne, 28 Aprili

Hakuna kitu. Mvua. Vigingi viko.

Jana malori mawili yaliegeshwa karibu na msingi, mazito, yamechimba matope. Watoto wanayapanda. Nimeyazunguka. Nikamwambia dereva haya magari yameegeshwa mochwari, yanangoja kuzikwa. Kacheka kwa kunionea huruma.

Kidonda cha Bi Tatu kinanuka. Ameanza kusema na mie, lakini kwa sababu hiyo tu.

Kama Mwenyekiti akivunja neno, sina kingine. Mila ndiyo ilikuwa silaha yangu, na nimeshaipiga.

Alhamisi, 30 Aprili

Tangazo limebandikwa ofisini. Mkutano wa mtaa, Jumapili. Mama Neema kalisoma kwa sauti, kisha kalisoma tena.

Maji yamepungua bondeni. Tumemvusha Bi Tatu, kidonda kimesafishwa. Daktari kagomba. Kasema siku nyingine tukichelewa hivi tutaongea habari ya kukata. Kalisema kama mtu anayetaja bei ya nyanya.

Njiani kurudi Bi Tatu kanishika mkono. Hajafanya hivyo barabarani tangu nikiwa na nywele.

Jumapili, 3 Mei

Mkutano.

Mwenyekiti kafungua mwenyewe. Hakuzunguka. Kasema alisema neno mbele ya mama yake na hataki kulimeza, lakini kiwanja ni cha watu, watu waamue. Kaeleza malori, kaeleza kivuko cha zege, kaeleza zahanati haina fungu bado. Haki yake nimpe: hakupindisha hata kimoja.

Nikadhani tumeshinda. Wapi. Kijana mmoja kasimama, hana kazi, ana mtoto. Hakunikosea adabu. Kasema, "Shikamoo babu. Hiyo zahanati ikichelewa tena, mie utanilisha wewe?"

Nilikuwa na vichekesho tele kifuani. Hakuna kilichofaa. Nikakaa chini.

Mama Neema ndiye aliyesema vizuri, habari ya wajawazito waliojifungulia upande huu wa maji. Kisha Bi Tatu kasimama. Sikujua atasimama. Kapandisha gauni kidogo, kauonyesha mguu. Kakaa.

Mikono ikanyooshwa. Zahanati imepita. Si kwa wingi wa kujivunia. Yule kijana hakunyoosha upande wetu, na simlaumu.

Jumatano, 6 Mei

Malori yameondoka. Vigingi vimeng'olewa. Mwekezaji kapata eneo kwingine, kaondoka na kivuko chake cha zege. Mvua kubwa ikija tutakuwa kisiwa tena.

Asubuhi nimekwenda na Bi Tatu kiwanjani. Majani yameota juu ya msingi. Kakaa pale juani, mguu kaunyoosha. Kasema mlango uwe upande huu, usielekee upepo. Nikasema nitamfikishia waziri. Hakuna zahanati, lakini hakuna wa kutuondoa pia.

Mwenyekiti kapita na mfuko wa mchanga begani. Kaumwaga kwenye lundo, kajipangusa, kanipa shikamoo. Nikaitikia bila utani. Kaenda zake.

Kitu kimoja sikukiandika siku ile kwa sababu ya kujidai. Aliponivuta kutoka kaburini, kandambili yangu ya kushoto ilibaki ndani ya matope, wakafukia. Nimerudi nyumbani mguu mmoja peku, nikawaambia watu ni mila.

Kesho nikimwona nitamwomba. Si kiwanja, hicho kimekwisha. Nitamwambia: mtani, ukimtoa mtu kaburini unamtoa mzima. Ninunulie kandambili. Ya kushoto tu, ya kulia ninayo.