Redio ya Dimoso

Jumatatu, 2 Machi
Bustanini tangu alfajiri. Mchicha umeoza, mvua haikomi. Saa tatu ukumbi wa parokia. Watu sita leo, wote wa bondeni hapa Bigwa, wale ambao mwezi uliopita mto ulishuka na mawe ya mlimani ukawachukulia nyumba. Kazi yangu ni kukaa na kusikiliza. Sista Benedikta alitufundisha wiki mbili: usikatize, usitoe ushauri, usihukumu, na unachoambiwa kisitoke nje. Ni kujitolea tu. Lakini nina kiti changu na meza yangu. Tangu nipunguzwe kiwandani sijawa na kiti mahali popote.

Alhamisi, 5 Machi
Wa mwisho kuingia: Dimoso.
 Msimamizi wangu wa zamu kule kiwandani. Miaka kumi na miwili nilisimama kwenye mashine ya kusokota uzi. Kiwanda kikauzwa, mwenye mali mpya akataka watu wapungue, Dimoso akaandika orodha. Jina la shemeji yake, aliyeingia juzijuzi, lilikatwa kwa wino. Langu likaandikwa juu yake. Karatasi ikabandikwa getini, kila mtu akaona.
Mto umemchukua mkewe. Haongei, hali, shati linamning'inia. Nusu saa ametazama sakafu.
Nilifurahi. Naandika humu kwa sababu hakuna pengine pa kusema. Nilifurahi.

Jumanne, 10 Machi
Sista kaniuliza kama kuna neno kati yangu na Dimoso, ampe msikilizaji mwingine. Nikasema hakuna. Nikasema koo zetu ni watani, atanizoea upesi. Hilo si uongo. Wakifiwa wao, sisi ndio tunaochimba kaburi, na tuna ruhusa ya kuwasema msibani hadi wacheke na machozi yanawatoka. Hakuna anayenuna.
Sikumwambia Sista kwa nini namtaka. Nataka kumwona anavyokwisha.

Alhamisi, 12 Machi
Ameongea!
Sista anataka kila mtu aisimulie siku ile toka asubuhi, hatua kwa hatua, hata mara kumi. Dimoso alifika kwenye mlio wa mawe akakwama. Kisha akanong'ona. Alitoka mbio na redio. Redio kubwa ya kaseti, begani. Mkewe alikuwa chumbani anajifunga kitenge. Aliiweka redio juu ya kichuguu, akageuka, nyumba haipo.
"Nilibeba redio, mtani. Redio."
Ndugu za mkewe aliwadanganya kwamba saa ile yeye alikuwa shamba.
Nikaitikia kwa kichwa, taratibu, kama tulivyofundishwa. Moyoni nilikuwa nacheza ngoma.

Jumapili, 15 Machi
Misa. Sikukomunika. Padri na Kwaresima yake, samehe, samehe. Yeye hajawahi kusoma jina lake getini huku mvua inamnyeshea.
Tarehe 28 ni arobaini ya mke wa Dimoso. Watakuja ndugu wa marehemu, watakuja wa kiwandani. Mtani akisema kitu msibani hashtakiwi.
Nimempata.

Jumatano, 18 Machi
Nimeokota boksi la sabuni. Nimelichora vitufe kwa mkaa, na mlango wa kaseti. Limetoka vizuri. Nimejaribu kukimbia nalo uani. Kuku wamenishangaa.

Alhamisi, 26 Machi
Dimoso amegawa jembe lake. Amegawa viatu. Alikuja peku. Sista amekonda kwa wasiwasi, amesema tusimwache peke yake hata kidogo, na ndugu wawili wanalala naye. Akasema mtu wa hivi neno moja linaweza kummaliza.
Nilisikia vizuri. Naliandika ili baadaye nisijidanganye kwamba sikujua. Boksi bado liko chini ya kitanda.

Jumamosi, 28 Machi
Nimefanya.
Watu wamekaa, chakula kinaandaliwa. Nikaingia na boksi begani, suruali ya mitumba imekunjwa magotini. Nikazunguka uwanja mbio, nikapiga kelele: "Mke wangu, ngoja kwanza! Taarifa ya habari inaanza!"
Kicheko kikubwa. Kisha kikapungua. Kisha kikaisha. Walikuwa wameelewa.
Dimoso akainuka. Nilijua ananipiga, na nilitaka anipige. Akachukua boksi. Akaliweka begani mwake akakimbia, miguu mitupu, hadi mwisho wa uwanja. Akaliweka chini. Akageuka. Akasimama pale akitazama mahali ambapo hapakuwa na kitu.
Akalia kwa sauti, mbele ya wakwe. Akasema yote kwa kinywa chake, kitenge, kichuguu, uongo wa shamba. Kaka wa marehemu alimwendea. Nikasema moyoni, sasa atampiga. Kumbe anamshika tu asianguke. Wakalia pamoja.
Baadaye akanitazama, macho mekundu. "Umekosea, mtani. Nilikuwa na kandambili moja. Hukuiga ile kandambili." Akacheka. Uwanja mzima ukacheka.
Akaomba ugali. Sahani mbili! Nilisimama na suruali yangu iliyokunjwa, namwangalia anavyotafuna. Wanawake wananipongeza, mtani hodari, mtani wa kweli. Nilitaka kumuua mtu, nimemponya. Hasira inanikaba.

Jumatatu, 30 Machi
Sista hakupiga kelele. Aliuliza kama Dimoso alinipa ruhusa. Nikasema hapana. Akauliza kama nilikusudia mema. Nikasema hapana. Akaomba ufunguo wa ukumbi.
Nilirudisha kiti chini ya meza.
Mara ya pili napoteza kazi kwa sababu ya Dimoso. Safari hii jina niliandika mwenyewe.

Jumanne, 7 Aprili
Palizi. Sina la kuandika. Wiki nzima nawakumbuka wale watu sita. Sijui nani anawasikiliza.

Ijumaa, 17 Aprili
Mvua imepungua. Dimoso alikuja bustanini asubuhi. Ana viatu. Alivua kofia.
"Mtani, jina lako niliandika mimi. Nilijua una watoto."
 Akaendelea, toka asubuhi, hatua kwa hatua. Shemeji yake akilia jikoni. Mkewe akimsihi amwokoe nduguye. Kalamu. Akafika kwenye geti, aliponiona nasoma, akajificha nyuma ya lori. Hilo nilikuwa silijui.
Sikukatiza. Sikutoa ushauri. Kuhukumu nilihukumu, kimyakimya.
Alipomaliza alisubiri nimtanie. Sikumtania. Nikamwambia sijamsamehe. Akasema anajua. Nikamwambia arudi Ijumaa ijayo, aanze tena toka asubuhi.
Akavaa kofia. Akang'oa magugu kwenye tuta lililobaki, akaenda.