Mia Nne na Nne za Bi Zuhura

Jumatano, nshaswali Isha

Tena mbele ya macho yangu. Angalijificha ningaliumia kidogo.

Kesho mjukuu wangu Rukia anapasuliwa moyo. Ndiyo leo nikawaita wenzangu hapa Jang'ombe tumswalie Mtume mara elfu nne mia nne arubaini na nne, Mungu amvushe mtoto.

Skuli sikwenda, lakini idadi ile naijua tabia yake. Ukiita watu kumi, zinabaki nne. Ukiita kumi na wawili, zinabaki nne vile vile. Kumi na mmoja ndiyo inakatika sawa, kila mtu mia nne na nne. Nikampa kila mtu kokwa zake za ukwaju: ukisoma moja, unatia moja kwenye sinia.

Bi Zuhura, shoga yangu tangu chuoni tukisoma Kurani, kazi yake kunihadithia harusi ya Bwejuu. Mara kazoa kokwa zake zote, kazimwaga kwenye sinia.

"Zuhura, hujasoma hata kumi."

"Shoga, Mungu hahesabu kokwa."

"Hahesabu. Lakini mimi nilikuomba."

Akacheka. Mtu niliyemnyonyeshea mwanawe alipougua.

Walipoondoka nikahesabu upya fungu lake. Nimelikata mara nne, kila kifungu mia na moja. Hiyo mia na moja nimeihangaikia, haikubali kugawika hata ukiita watu wangapi.

Vitatu nshavisoma. Cha nne nitakisoma asubuhi, nimemshika Rukia mkono, mpaka wamwingize ndani. Naogopa, na niliyezoea kumwambia kuwa naogopa ni Zuhura.