Chupa Ilipopasuka Dallas

Mdogo wangu Hamisi, shikamoo za wote huku zikufikie, na joto la huku lingefika ungeungua.

Jana mkwe wangu Juma alitupeleka makumbusho: mimi, mama yake, na binti yangu Rehema na tumbo lake la miezi tisa. Kuna glasi za kiwanda cha zamani sana cha Wamarekani. Dada wa pale anaeleza, Juma ananitafsiria. Matajiri ndio walitoa hela kijengwe, ila wenyewe hata kupuliza uji hawajui, sembuse glasi. Siku wanaonyeshwa chupa ya kwanza, ikapasuka mbele yao.

Nikapiga kelele, "Chupa imepasuka?"

Mama Juma alikuwa nyuma, ya matajiri hakusikia. Akamdaka Rehema. "Kaa chini mwanangu! Usisukume!" Mlinzi akaleta kiti cha magurudumu. Juma anazunguka tu, "Gari nimepaki wapi?"

Rehema akasema, "Baba, umeniponza!" Akacheka, akacheka, mpaka ya kwake ikapasuka kweli.

Ni wa kike, mzima. Marehemu shemeji yako angenizaba kofi, halafu acheke. Umekuwa babu, Hamisi. Kula vizuri, Mungu akuweke mpaka umbebe.

Kaka yako