Nyundo Kumi na Nne

Nimeyatoa haya kwenye daftari langu la mwaka 1986, enzi za karakana ya piano ya Landover, Marekani. Sikusahihisha kitu.

Alhamisi, Februari. Mvua ya barafu tangu alfajiri.

Leo siwezi kutulia mahali pamoja. Nimekwenda dirishani mara sijui ngapi, nimechemsha chai nikaisahau, nimefagia chini ya meza ambako nilishafagia. Asubuhi nyumbani nilikuwa nadunga mkate kwa uma, tundu kwa tundu, bila kujijua, mpaka mwanangu Salma akasema, "Mama, stop stabbing the bread." Mimi namsemesha Kiswahili, yeye ananijibu Kiingereza, ndiyo maisha yetu. Nikauweka uma chini.

Naandika kwenye benchi langu la kazi, saa sita mchana. Bwana Walter, mwenye karakana, amepeleka piano ya kanisa moja huko Sterling na atarudi saa tisa au saa kumi. Kabla hajaondoka aliniachia kazi moja tu: nizimalize nyundo kumi na nne zilizobaki kwenye ile piano kubwa ya Kifaransa, zifanane na zile nyingine. Mwenye piano anakuja kuisikia kesho saa nne asubuhi.

Sindano iko mbele yangu. Sijadunga hata nyundo moja.

Niieleze piano yenyewe, maana nikija kulisoma daftari hili mwakani nitajifanya nimesahau. Ilitengenezwa Paris zaidi ya miaka mia iliyopita, kwa ajili ya kumbi kubwa, na ni ndefu hata tulilazimika kuung'oa mlango wa karakana ili iingie. Mbao zake za nje ni nyekundu zenye mishipa myeusi. Kabeya, fundi wetu wa mbao, mtu wa Lubumbashi, amezisugua kwa kitambaa na polishi ya spiriti kwa wiki sita, na sasa ukiinama unajiona mpaka kope. Vibao vyeupe vya kupigia ni pembe za ndovu. Bwana Walter humwambia kila mgeni kwamba pembe hizo lazima zilipitia Zanzibar, kisha hunigeukia mimi, kana kwamba nilizibeba mwenyewe kichwani.

Hayo ni ya macho. Jambo lenyewe liko ndani. Kwenye piano za siku hizi nyuzi nene za chini hupita juu ya nyuzi nyingine, zikapishana, na zote hushikwa na fremu moja nzito ya chuma. Kwenye hii, nyuzi zote zimelala sambamba kutoka mbele hadi nyuma, na badala ya fremu moja ina fito za chuma zilizokazwa moja moja. Ndiyo maana sauti zake hazichanganyikani. Za chini ni nzito lakini husikika wazi, hata ukipiga tatu kwa pamoja unazihesabu. Za katikati zina joto la mtu anayezungumza na wewe. Zinazofuata zinatokea puani kidogo. Za juu kabisa ni kavu na safi, hutoka na kukatika.

Najua, kwa sababu niliisikia kabla hatujaifungua. Oktoba tulikwenda kuichukua Wheaton, nyumbani kwa Bi Harriet. Ana miaka themanini na moja, amefundisha piano maisha yake yote, na hii ilikuwa ya mama yake. Bwana Walter alikuwa nje akibishana na wapagazi kuhusu ngazi. Mimi nilikuwa ndani nafunga miguu ya piano kwa mablanketi. Bi Harriet akakaa, akapiga kitu cha polepole. Nusu ya nyuzi zilikuwa zimelegea na ubao wa sauti, ule ubao mpana ulio chini ya nyuzi, ulikuwa na nyufa zilizotoa mlio wa nyuki. Hata hivyo niliacha kufunga, nikasikiliza.

Alipomaliza alifunika kifuniko akaniambia mimi, si Walter: "Humu ndani wamo watu wanne. Tengenezeni mtakavyo, lakini msinirudishie mmoja."

Nikamwitikia ndiyo mama, kama ninavyomwitikia kila mtu nchi hii. Nilidhani ni maneno ya kizee. Sikumfikishia Bwana Walter, si siku ile wala baadaye.

Hilo la kwanza. La pili ni sindano.

Kila nyundo ya piano ni kijiti cha mbao kilichovikwa kichwani sufu iliyoshindiliwa. Ikigonga waya miaka nenda miaka rudi, sufu inakuwa ngumu na sauti inakuwa kali. Dawa yake ni kuidunga sindano ilegee. Bwana Walter alinifundisha hivi: dunga mara mbili, rudisha nyundo, piga, sikiliza. Dunga tena kama inahitaji. Acha kabla hujatosheka, kwa sababu ukishalegeza huwezi kukaza. Na kila nyundo ina kipimo chake.

Nilielewa. Hata mtu mwingine ningeweza kumfundisha.

Lakini mimi nimelelewa na washona kofia. Kwetu Zanzibar nimetoboa vitundu vya kofia tangu nina miaka minane, na kofia nzuri ni ile ambayo kitundu hiki na kile huwezi kuvitofautisha. Bibi yangu akikuta kimoja kimekwenda upande alikuwa anafumua mstari wote mbele yako. Kazi hiyo ndiyo iliyonileta hapa. Bwana Walter alileta shuka la kufunikia piano kwenye duka la dobi nilikokuwa nikishona, akaona kofia niliyokuwa namtengenezea kaka yangu, akaniuliza kama mkono ule unaweza kushona ngozi. Huu mwaka wa tatu.

Basi wiki mbili zilizopita, safu nzima ya nyundo ikiwa imechomolewa na kuwekwa hapa benchini, mkono ulikimbia wenyewe. Nilianza juu kabisa nikishuka. Sindano kumi na mbili kila nyundo, sita kulia, sita kushoto, kwa mstari ulionyooka. Nyundo sabini na moja. Sikuzirudisha ndani hata mara moja kusikiliza. Nilikuwa naimba. Zilipendeza kuzitazama, Mungu anisamehe, zilipendeza sana.

Zile kumi na nne za chini, ambazo ni nene zaidi, Walter alitaka zisubiri asikie kwanza. Jumatatu aliirudisha safu ndani, akapiga huku na huku, akasema, "Hariri, Zuhura. Hariri tupu." Nilipanda basi la kurudi nyumbani nimevimba kichwa.

Jana nikabaki peke yangu nayo. Nikapiga kuanzia chini, noti moja moja. Kumi na nne za kwanza ziliongea. Nilipofika ya kumi na tano niliinua mkono, nikadhani nimekosea. Nikaendelea mpaka juu. Kuanzia pale hadi mwisho ni mtu mmoja. Mpole, ana adabu, na hana analosema.

Watatu nimewafanya mmoja.

Haiponi. Kuipiga msasa haiwezekani, sufu yenyewe imekwisha kwa uzee. Iko dawa ya maji ya kuigandisha, nayo itarudisha ukali, lakini nimeisikia kwenye piano nyingine na ni ukali wa meno ya bandia. Ukiweka nyundo mpya utapata piano nzuri, ila siyo ile ya Wheaton.

Na sasa niandike lile ambalo sitaki kuliandika. Nikizidunga hizi kumi na nne, hakuna atakayekuwa na cha kulinganisha. Yote itakuwa hariri kutoka chini mpaka juu, na Bi Harriet ana miaka themanini na moja. Asubuhi hii niliwaza hivyo na nikachukua sindano. Niliiweka ncha yake begani mwa nyundo ya kwanza. Mkono wangu hautetemeki kazini, na leo pia haukutetemeka, na hilo ndilo lililonitisha nikaiweka chini.

Saa saba. Kabeya amekuja na chakula chake. Aliitazama sindano, akanitazama mimi.

"Mama Salma, leo haufanyi sindano?"

Nikamwambia sifanyi. Akapiga noti moja ya chini kwa kidole gumba chenye polishi, kisha akaruka juu akapiga nyingine.

"Hii ya chini inasema bien, muzuri. Hii ya juu, ah, inasinzia. Mi minasikia tangu lundi."

Tangu Jumatatu. Nikamwuliza mbona hakusema.

"Mi niko wa mbao, mama. Wewe na patron Walter ndiyo wa sauti."

Nilimkasirikia mpaka nikamaliza kula. Baadaye nikaona sina haki hiyo, mimi niliyekaa na maneno ya mwenye piano tangu Oktoba.

Saa kumi na moja. Nimo ndani ya basi, nisamehewe mwandiko.

Bwana Walter alirudi amelowa. Kabla hajavua kofia aliuliza kama nimemaliza. Nikasema sijaanza. Kisha nikamweleza yote kwa mfululizo, nikianzia mwisho: kumi na mbili kwa kila nyundo, bila kusikiliza, halafu Bi Harriet na watu wake wanne. Nikampigia ya kumi na nne, nikampigia ya kumi na tano. Nilikuwa tayari kwa lolote.

Akasema, "Nilisikia Jumatatu."

Sikumwelewa. Akarudia. Alisikia ndani ya dakika ya kwanza. Nikamwuliza hariri ilikuwa ya nini basi. Akasema kosa halikuweza kurekebishwa tena, na nilikuwa nimesimama pale nimefurahi, na wateja tisa kati ya kumi huomba sauti ya namna ile ile. Hakusema kwa ubaya. Halafu akanishika bega: "Malizia tu hizo, Zuhura. Masikio huzoea."

Upole ule ulinichoma kuliko matusi. Siku tatu nzima watu watatu tumezunguka piano ile, kila mmoja amesikia, kila mmoja amemfichia mwenziwe. Na wote tumeshazoea kabla hata mwenyewe hajafika.

Nikamwambia hizi sizigusi. Sindano ile pale, akitaka afanye mwenyewe.

Nilisema kwa sauti kubwa kuliko nilivyokusudia. Kabeya kule nyuma aliacha kusugua. Sijawahi kumkatalia Bwana Walter jambo tangu aniajiri, na nilikuwa nafikiria kodi ya nyumba na ada ya safari ya shule ya Salma huku mdomo unaendelea kukataa. Nikasema pia kwamba Bi Harriet aliniambia mimi, kwa hiyo kosa la kunyamaza ni langu kabla halijawa la mtu mwingine.

Hakuishika sindano. Alikaa kwenye kigoda, akaipiga ya kumi na tano polepole mara nne au tano. Kisha akainuka akaanza kujaza maji kwenye mabakuli tunayoweka chini ya piano wakati wa baridi, kwa sababu joto la mashine ya kupashia chumba hukausha ubao ukapasuka. Ile ni kazi yangu ya kila jioni. Nilisimama nikamtazama anajaza yote sita, akimwaga kidogo sakafuni kila mara.

"Utamwambia wewe?" akauliza, amenipa mgongo.

"Nitamwambia mimi."

"Basi nitakuwa pembeni yako."

Kama kesho jioni bado nina kazi, hakusema, na mimi sikuuliza.

Nyumbani. Nimeshaswali magharibi, na akili yangu haikuwa kwenye mkeka.

Salma anafanya hesabu zake mezani na ananifuata kwa macho kila ninapopita, kutoka jikoni hadi sebuleni, sebuleni hadi jikoni. Nimemwambia nina kazi ngumu kesho. Akaniuliza kama ni ile piano ndefu. Nikasema ndiyo. Akarudi kwenye hesabu zake.

Linalonizungusha sasa si kama nitamwambia Bi Harriet, bali lini. Nilikuwa nimepanga nimwache apige kwanza. Huenda asisikie tofauti. Huenda akalia kwa furaha, maana nyufa zimezibwa, nyuzi ni mpya, ule mlio wa nyuki haupo, na hayo tumeyafanya vizuri. Mimi ni nani wa kumnyang'anya?

Nimelishika wazo hilo tangu kwenye basi na ni zuri, lina huruma. Lakini kila nikiligeuza upande wa pili naukuta woga wangu. Nikisubiri apige, nitakuwa nimesimama pale nikitafuta usoni mwake ruhusa ya kunyamaza. Na uso wa mtu wa miaka themanini na moja anayeguswa na piano ya mama yake utanipa ruhusa hiyo mara moja.

Atafika saa nne. Nitamwambia mlangoni, kabla hajavua koti.