Kwa Mkamwana Wangu, Kuhusu Ile Foku

Mkamwana wangu, Mama Kwamboka,

Sitaanza kwa kukuuliza hali, kwa sababu hali uliyo nayo ni mimi niliyekupa.

Daktari wa Kisii amenirudisha nyumbani. Alisema nikapumzike, na mtu aliyefundisha miaka yote niliyofundisha anajua neno hilo lina maana gani likitoka kwa daktari anayetazama dirishani. Koo linakubali uji mwepesi tu. Asubuhi mkono hutulia kwa muda, nikaandika nusu ukurasa, kisha nalala. Kwa hiyo ukiona mwandiko unabadilika hapa na pale, jua ni siku nyingine.

Barua hii nimeiacha wazi, asomaye asome. Uongo wangu niliusema mbele za watu, na siwezi kuurudisha kwa kunong'ona. Kwa wasiotujua: ninayemwandikia ni mjane wa mwanangu Momanyi, aliyekufa miaka saba iliyopita kwenye mteremko wa Gesima, siku ya mashindano ya baiskeli. Watu wa kwetu husema alikufa kwa sababu ya mdomo wa mke wake. Si kweli.

Unakumbuka siku Momanyi alipoleta zile foku mbili? Ilikuwa Jumapili baada ya mvua. Alikuwa karani kwenye kituo cha kununulia majani chai, na baiskeli yake ilikuwa ile ya milimani yenye fremu ngumu nyuma, isiyo na springi ila mbele, kwenye foku, ule uma unaoshika gurudumu la mbele. Foku ya zamani ilikuwa imekufa. Ilikuwa ikishuka haipandi. Mwenye duka la baiskeli za mitumba mjini Kisii alimruhusu aje na mbili, achague moja, arudishe nyingine.

Mlikuwa na ile nyumba yenu ya mabati chini ya shamba la chai. Mimi nilikaa nje kwenye kigoda, mahali baba mkwe anapokaa, maana kwetu baba haingii nyumba ya mwanawe aliyeoa. Wewe ulikuwa ndani, cherehani yako ikinguruma, Kwamboka mgongoni. Momanyi alikaa mlangoni, katikati yetu, foku moja kwenye kila goti. Ndivyo tulivyozungumza miaka yote, mimi na wewe. Nilikuwa nikimwambia yeye, wewe ukijibu kupitia kwake, ingawa sote watatu tulikuwa tukisikiana vizuri.

Foku ya kwanza ilikuwa nzito, ya springi ya chuma, rangi imebabuka, lakini shingo yake haijakatwa. Ya pili ilikuwa nyepesi, yenye kutiwa upepo kwa pampu, na juu ina kitufe cha kuifunga isidunde.

“Tata,” Momanyi aliniita, kama watoto wetu wote wanavyowaita baba zao, “hii nyepesi ukipanda mlima unaifunga. Ukifika juu unaifungua. Hiyo nyingine nitakuwa nimebeba gunia la mahindi.”

Nilikubaliana naye, na hadi leo naona hoja hiyo ilikuwa sahihi. Kwetu kila mteremko una mlima wake wa kuulipia. Nilipima mwendo wa kudunda wa ile nyepesi nikaona ni sentimita kumi, sawa na fremu ilivyotengenezewa. Ungekuwa mrefu zaidi, ungeinua pua ya baiskeli na kuharibu mizani yake. Nilipima gurudumu, nikapima ekseli, nikatazama mahali pa breki ya diski. Nilikuwa nikifurahi, Mama Kwamboka. Tangu nistaafu hakuna aliyekuwa akiniuliza kitu kinachohitaji rula.

Ndipo cherehani ikanyamaza, ukasema kutoka ndani, “Mwulize Tata kama shingo ya hiyo inafika. Nyingine ni ndefu kama ya mbuni. Hiyo imekatwa na mwenyewe wa kwanza.”

Nikamjibu mwanangu, kwa sauti ya kutosha wewe usikie: “Mwambie mama mtoto hapa hatushoni sketi.”

Momanyi alicheka mpaka foku ikamponyoka. Nawe ukasema, bila hasira, “Mwambie hata sketi, ukishaikata fupi hairefuki.”

Kwa asiyejua: shingo ni ule mrija wa juu wa foku. Hupita ndani ya fremu ukatokea juu, na hapo ndipo usukani unabanwa kwa kibano chenye bolti mbili. Mrija usipofika, kibano hakina cha kushika. Nilipima tundu la fremu: kumi na mbili. Nikapima mrija: kumi na sita. Zilibaki nne, na kibano kina urefu wa nne. Nikakusomea hesabu hiyo kwa sauti, kama ninavyosomea darasa. Nilisahau bakuli mbili za gololi, moja juu ya fremu na moja chini, ambazo nazo zinakula nafasi yao. Ni kosa ambalo ningemkata mwanafunzi alama. Kibano kilibaki kikishika sentimita moja na kidogo.

Ukauliza mara moja zaidi, “Na zile gololi amezihesabu?”

Nilijifanya sikusikia, na kwa kuwa kwetu mke wa mwana hamrudii mkwe wake neno mara tatu, ukanyamaza. Cherehani ikaanza tena.

Nilifunga foku mwenyewe kesho yake, mbele ya nyumba yangu. Nilipotazama ndani ya kibano niliona mdomo wa mrija uko chini sana. Nikajiambia labda ndivyo zinavyotengenezwa siku hizi, nikaweka kifuniko juu yake. Bolti ya chini ilishika. Ya juu ilikaza chuma kwa chuma, na kati yake hapakuwa na kitu.

Ijumaa nilikwenda Kebirigo kununua sabuni na mafuta ya taa. Fundi alikuwa amefungua baiskeli ya mtu pembeni mwa soko, na kwa mara ya kwanza nikaona foku iliyokaa vizuri. Shingo ilipita kibano chote ikafika juu. Nilisimama pale na sabuni mkononi. Sikuwa na shaka hata kidogo. Nikarudi nyumbani polepole, jua likitua na Sabato ikiingia.

Sasa nafika mahali nilipokuja kufika.

Sabato, baada ya ibada, nilishuka kwenu. Momanyi alikuwa amekwenda kumwona rafiki. Mlango ulikuwa wazi, nami kutoka uani niliona gurudumu la mbele likiegemea ukuta wa ndani. Mashindano yalikuwa kesho. Ulinisikia nikikohoa.

“Tata, keti. Nakuletea chai.”

“Sina haja ya chai.”

Kisha ukauliza, “Kuna neno?”

Nikasema, “Hakuna neno. Nimepita tu.”

Nikapanda kurudi nyumbani.

Kwa miaka mingi nilijitetea kwa mila. Nilijiambia: nisingeweza kuingia nyumba ya mwanangu kuitoa baiskeli, ingekuwa aibu kwangu na kwako. Ni kweli nisingeweza kuingia. Lakini hakuna mila ya Wagusii inayomkataza mzee kusema neno akiwa uani. Maneno yangekuwa machache: mwambie mumeo asiipande, nimekosea shingo. Ungemwambia. Angenung'unika, angekosa mashindano, na leo angekuwa na mvi mbili tatu.

Kilichonizuia ni kwamba ulikuwa umelisema kabla yangu. Nilikuwa mwalimu wa fizikia, wewe ulikuwa msichana wa Ikonge aliyeishia darasa la nane akajifunza kushona, na ulikuwa umenipita kwa kusikiliza tu huku mguu uko kwenye cherehani. Nilipiga hesabu nyingine uani pale: njia ya kwenda Gesima si mbaya sana, sentimita moja na kidogo huenda ikashika, Jumatatu nitaibadilisha kimya kimya bila mtu kujua. Nilimweka mwanangu upande mmoja wa mizani na jina langu upande mwingine. Unajua kilichozidi.

Jumapili asubuhi nilikuwa nikichambua maharage nikasikia sauti zenu. Mtaa mzima ulisikia.

“Usukani unacheza, Baba Kwamboka. Ushike mwenyewe uone.”

“Unacheza wapi? Tata ameufunga.”

“Basi mwite Tata aje aushike.”

“Nimwite mzee wa watu kwa sababu umeota?”

Ndipo uliposema lile neno ambalo baadaye lilifanywa kamba ya shingo yako: “Nenda basi. Lakini sitakuja kukuokota.”

Nilikuwa hatua mia moja kutoka kwenu. Nilisikia kila kitu. Niliendelea kuchambua maharage.

Walituletea habari saa sita. Aliyekuwa nyuma yake aliniambia walikuwa wakishuka kwenye murram, barabara ya udongo mwekundu yenye utelezi, Momanyi akiwa wa tatu, akicheka, na ghafla usukani ukang'oka mzima ukabaki mikononi mwake, kama mtu aliyeng'oa mhogo. Alikuwa bado ameushika walipomfikia chini, kwenye jiwe la mpaka wa shamba. Na wewe ulikwenda kumwokota. Ulikimbia peku kutoka hapa mpaka Gesima, na mtoto mgongoni, ukafika kabla yangu.

Baiskeli waliileta kwangu. Kabla mtu hajaitazama niliifungua ile foku, nikaitumbukiza kwenye choo cha shimo nyuma ya zizi. Mwaka uliofuata nilikifukia nikachimba kingine. Nakwambia haya ili ujue halikuwa kosa la siku moja.

Baada ya mazishi wazee wa ukoo waliketi. Mzee mmoja aliniuliza, “Mwalimu, wewe ndiye uliyeifunga. Baiskeli ilikuwa nzima?”

Ulikuwa umekaa chini na wanawake, kitambaa kimefunika uso. Uliinua kichwa. Nafikiri ulikuwa ukinipa nafasi, maana ulikuwa na haki ya kusema na hukusema.

Nikajibu, “Ilikuwa nzima.”

Ikawa basi. Kama baiskeli ilikuwa nzima, lazima kuwe na kitu kingine, na kitu hicho majirani walikuwa wamekisikia kwa masikio yao. Mwanamke aliyemwambia mumewe hatamwokota. Mwanamume aliyeondoka na moyo uliochafuka. Kufikia mavuno hakuna aliyekuwa akikuletea kitambaa cha kushona. Wanawake walikuwa wakihamisha ndoo zao ukifika kisimani. Siku uliyorudi kwenu Ikonge ulipita mbele ya nyumba yangu, cherehani kichwani, Kwamboka akikufuata ameshika sketi yako. Ulisimama. Ulisema, “Tata, ubaki salama.” Ningependa ungenitukana. Nilikujibu kwa kuinua mkono.

Tangu hapo sijakuona. Nimesikia Kwamboka anasoma vizuri, na kwamba watoto wengine huko wamesikia hadithi ya mama yake, wakamwimbia kwa kumdhihaki. Aliyeniambia hilo alidhani ni kichekesho. Nililala nikitazama ukuta. Baba yake alikufa kwa mkono wangu, halafu mtoto anaimbiwa kwa jina lako.

Kwa hiyo wiki iliyopita niliwaita wazee walewale, waliobaki. Walikuja wakakaa kuzunguka kitanda. Niliwaambia yote: shingo, gololi, Kebirigo, uani kwenu, choo. Ilinichukua muda mrefu kwa sauti hii niliyo nayo. Nilipomaliza hakuna aliyeshtuka. Walitazamana kwa huruma.

Mmoja akanifunika blanketi mpaka kidevuni. “Mwalimu,” akasema, “hizo dawa za hospitali ni kali. Marehemu kaka yangu akizinywa alikuwa akisema amewaua Waitaliano, naye hakuwahi kuwa askari.”

Nikawaambia nendeni mkafukue choo. Wakacheka kidogo, kwa upole, kama watu wanavyomchekea mtoto. Mwingine akasema baba aliyefiwa hujitwika kila mzigo, na kwamba moyo wangu ni mwema mno, nataka kukufunika hata wewe. Wakaomba sala nzuri juu yangu wakaondoka. Nimesikia sasa wanasema mateso uliyoyaleta yamenivuruga akili.

Uongo wangu walikuwa wameuamini kwa sentensi moja. Ukweli nimeuleta nikiwa na shuka yenye harufu ya dawa, na hauna mnunuzi.

Ndiyo sababu naandika. Nimeweka tarehe na sahihi kwenye kila ukurasa, na nesi anayenitembelea amekubali kuandika chini kwamba siku hizi zote nilijua jina langu na siku ya juma. Huenda nako kusitoshe. Lakini wewe hutahitaji nesi. Ulishika usukani ule kwa mkono wako ukaona unacheza. Katika dunia nzima ni wewe tu unayejua kwamba mzee huyu hajachanganyikiwa, nami ndiye wa mwisho anayestahili kukuomba ushahidi.

Sikuombi unisamehe. Msamaha usingerudisha miaka saba, wala sitaki uje kunizika ukikaa tena chini mbele ya macho yale. Mketishe Kwamboka, umsomee barua hii yote, na mahali nilipojitaja kwa ubaya usiparuke. Mwambie mama yake aliona, akasema mara mbili, na akapuuzwa na babu yake aliyekuwa na rula mkononi.

Ulisema kweli, Mama Kwamboka. Nakujibu leo lile swali la gololi: sikuzihesabu.

Baba mkwe wako,
aliyepita tu.